Mmarekani Mbele ya Runinga ya Waingereza: Utamaduni Ni Upi, Hesabu za Fedha Ni Zipi

Usiku wa Krismasi ya mwaka 2012, mamilioni ya Waingereza waliokuwa wametulia sebuleni baada ya kushiba walimwona Matthew Crawley akitoka hospitalini, alikokwenda kumpakata mwanawe kifungua mimba. Akashika usukani wa gari lake, uso umejaa furaha. Muda si muda likatokea lori, na picha ya mwisho ikamwonyesha amelala kando ya barabara, macho wazi, hana uhai. Tamthilia ni Downton Abbey, ya kituo cha ITV. Wamarekani waliiona sehemu hiyo tarehe 17 Februari 2013, karibu miezi miwili baadaye, kupitia vituo vya umma vya PBS.

Wakati huo nilikuwa nimepanga chumba kwa mama mmoja mjane, Mmarekani, mjini Minneapolis. Jumapili usiku tulikuwa tunatazama pamoja. Alifuta machozi, kisha akaniambia kwamba Waingereza ni watu wanaopenda huzuni, kwamba Mmarekani asingethubutu kumuua kipenzi cha watu siku ya Krismasi. Nilimwamini. Ni kauli niliyokuja kuisikia tena na tena kwa Wamarekani wanaopenda vipindi vya Uingereza, kila mmoja kwa namna yake.

Ila ukichimba unakuta Matthew hakuuawa na tabia ya taifa. Aliuawa na mkataba. Mwigizaji wake, Dan Stevens, alikuwa amesaini miaka mitatu, muda uliozoeleka Uingereza. Ulipokwisha akaaga, akaenda kucheza jukwaani Broadway, New York. Marekani, mwigizaji wa tamthilia ya aina hii hufungwa kwa miaka 6 au 7 tangu siku ya kwanza, hata kabla haijajulikana kama kipindi kitapendwa. Mwandishi Julian Fellowes alibaki na mhusika ambaye mwenye sura yake ameshaondoka. Na mwanamume aliyempenda mkewe Mary kiasi kile huwezi kuwaambia watazamaji kwamba kasafiri tu. Ikabidi afe.

Lakini siku yenyewe, Krismasi, hiyo ni Uingereza tupu. Kule Krismasi ni siku ya ukoo mzima kukaa mbele ya runinga: hotuba ya mfalme saa tisa alasiri, kisha jioni sehemu maalumu za tamthilia zinazopendwa, na tamthilia hizo huhifadhi misiba na mafarakano makubwa kwa ajili ya jioni hiyo. Mwaka 1986, katika EastEnders ya BBC, mwenye baa alimkabidhi mkewe hati za talaka siku ya Krismasi. Waliotazama, ukijumlisha na wa marudio, walipita milioni 30, katika nchi yenye watu wapatao milioni 57. Kwa Mmarekani, Krismasi ni majira ya runinga kupumzika, vipindi vya kawaida vimesimama hadi Januari.

Kwa hiyo tukio moja lina nyuzi mbili zilizosokotwa, uzi wa fedha na mikataba, na uzi wa desturi. Aliye ng'ambo ya bahari huona kamba moja tu, akaiita utamaduni. Nimetazama vipindi hivi kwa miaka mingi nikiwa si Mmarekani wala Mwingereza, na ninaamini kwamba mengi ambayo Wamarekani huyaita tabia ya Kiingereza hutoka kwenye daftari la mhasibu, ilhali tofauti za kweli, zile nzito, huwapita masikioni.

Nani analipa

BBC haionyeshi matangazo ya biashara kwa watazamaji wake wa nyumbani. Inaishi kwa leseni ya runinga, ada ambayo kila kaya inayotazama matangazo ya moja kwa moja ya kituo chochote, au vipindi vya BBC mtandaoni, inatakiwa kuilipa. Ilianza Juni 1946 kwa pauni 2 kwa mwaka; mwaka 2025 ilikuwa pauni 174.50. Kutazama bila leseni ni kosa la jinai, na faini yake inaweza kufika pauni 1,000. ITV ilipoanza mwaka 1955 ilitegemea matangazo ya biashara, lakini nayo ina mipaka: yasizidi dakika 12 ndani ya saa yoyote, na wastani wa siku nzima usipite dakika 7 kwa saa.

Sasa chukua saa ya mkononi utazame tamthilia ya "saa moja" ya kituo kikubwa cha Marekani. Ukiondoa matangazo, hadithi yenyewe ni dakika 42 au 44. Ya BBC ni 58 au 59. Lakini uzito hauko kwenye hizo dakika 15. Mwandishi wa Marekani anajua kwamba kila baada ya dakika kama kumi hadithi yake itakatwa ili kuuza sabuni na bima, na kwamba mtazamaji ana rimoti mkononi. Lazima kabla ya kila mkato atege jambo la kushtua: mlango unafunguliwa, simu inalia, maiti inafumbua macho. Mwandishi wa BBC hana mkato. Anaweza kumwacha mwanamke akae mezani anamenya viazi dakika mbili nzima kabla hajasema kilichomleta. Mmarekani anayesema hadithi za Uingereza zinakwenda taratibu, mara nyingi anachokihisi ni kutokuwapo kwa sabuni na bima.

Wale waliojaribu kuzibana hadithi hizo ndani ya saa ya Marekani waliishia mahakamani. Mwaka 1975 kituo cha ABC kilichukua sehemu tatu za Monty Python's Flying Circus, zenye jumla ya dakika 90, kikakata kama dakika 24, baadhi kwa ajili ya matangazo na baadhi kwa kuogopa lugha. Wachekeshaji wenyewe walikwenda mahakamani New York, na mwaka 1976 mahakama ya rufaa ikakubaliana nao kwamba kazi iliyokatwakatwa namna ile haiwezi tena kuitwa yao. Vituo vya PBS, ambavyo havikatizi vipindi kwa matangazo, vilikuwa vimeanza kuionyesha mwaka 1974, cha kwanza kikiwa KERA cha Dallas, na huko ndiko Wamarekani walikojifunza kuipenda.

Uchache wa sehemu nao una hesabu yake. Mmarekani akimaliza Fawlty Towers hustaajabu kuona kwamba kichekesho kinachosifiwa dunia nzima kina sehemu 12 tu, sita za mwaka 1975 na sita za 1979. The Office ya Uingereza ina 14, ukihesabu na zile mbili za Krismasi. Ya Marekani, iliyotokana nayo, ilifika 201 kati ya 2005 na 2013. Wengi huhitimisha kwamba Waingereza wana kiasi, wanajua kuacha jambo lingali tamu. Huenda. Lakini Fawlty Towers iliandikwa na watu wawili, John Cleese na Connie Booth, na The Office na wawili, Ricky Gervais na Stephen Merchant. Watu wawili hawawezi kuandika sehemu 22 kwa mwaka. Marekani chumba kizima cha waandishi hulipwa ili kiwanda kisisimame, kwa sababu faida kubwa ya zamani ilikuja kipindi kilipofika karibu sehemu 100 na kuuzwa kwa vituo vya mikoani vikirushe kila siku. Hapo kuacha lingali tamu ni kutupa pesa.

Hata jina hubadilishwa na hesabu. Mashindano ya kuoka yaliyoanza BBC mwaka 2010 kama The Great British Bake Off huitwa Marekani The Great British Baking Show, kwa kuwa neno Bake-Off ni alama ya biashara ya kampuni ya unga ya Pillsbury, iliyofanya mashindano yake tangu 1949. Wamarekani hupenda upole wa hema lile mashindano yanamofanyikia, jirani anavyomsaidia jirani kunyanyua keki inayoanguka. Tukumbuke tu kwamba mshindi hapati fedha. Anapewa sahani ya kuwekea keki na maua. Mashindano ambayo hakuna wa kuibiwa dola 250,000 yanaruhusu upole.

Chujio la Boston

Kuna jambo jingine ambalo Mmarekani halioni kwa sababu limefanyika kabla hajawasha runinga. Uingereza anayoitazama ilikwisha kuchujwa.

Mwaka 1967 BBC ilitoa The Forsyte Saga, sehemu 26 kuhusu ukoo wa matajiri. Ilipoonyeshwa katika vituo vya elimu vya Marekani mwaka 1969, watu waliganda. PBS ilikuwa ndiyo kwanza inaundwa, haina fedha za kutengeneza tamthilia kubwa, na kununua iliyokwisha tengenezwa London ilikuwa nafuu mno kuliko kuanza upya. Kituo cha WGBH cha Boston kikaanzisha Masterpiece Theatre tarehe 10 Januari 1971. Aliyedhamini ni kampuni ya mafuta ya Mobil, iliyotaka jina lake lisikike karibu na mambo ya heshima, na ikaendelea kudhamini, hata baada ya kuungana na Exxon, hadi 2004. Kwa miaka zaidi ya 30, basi, wateuzi wachache wa Boston na fedha za mafuta ndio waliomwonyesha Mmarekani msomi Uingereza ni nchi gani. Wakachagua majumba makubwa, malkia, watumishi wenye glavu, makasisi, na mauaji katika vijiji vyenye maua.

Mwenyeji wa kipindi hadi 1992 alikuwa Alistair Cooke. Alikaa kwenye kiti cha ngozi, vitabu nyuma yake, sauti laini, akiwaeleza Wamarekani nani ni nani kabla hadithi haijaanza. Kwa Wamarekani wengi huyu ndiye alikuwa Mwingereza halisi, wa ukoo bora. Alizaliwa Salford mwaka 1908, mji wa viwanda kaskazini, baba yake fundi wa vyuma na mhubiri wa Kimethodisti. Jina lake la kwanza lilikuwa Alfred. Akalibadilisha kuwa Alistair akiwa kijana wa miaka 22, msomi wa Cambridge, na sauti ile laini ilikuja na usomi huo.

Na Salford ndio mji uliofanywa mfano wa Weatherfield, mji wa kubuni wa Coronation Street, tamthilia ya ITV inayoendelea tangu Desemba 1960. Nyumba zilizobanana kwa safu, baa kwenye kona, wanawake wanaojua madeni ya majirani. Hiyo, pamoja na EastEnders iliyoanza 1985, ndiyo runinga ambayo Waingereza wenyewe wameitazama usiku baada ya usiku kwa vizazi. Tamthilia ndefu za Marekani zilirushwa mchana na zilisimulia matajiri wanaonyang'anyana kampuni. Za Uingereza zinarushwa jioni, watu wakila, na zinasimulia wauza mboga na madereva wa teksi. Vituo vichache tu vya umma Marekani viliwahi kuzionyesha. Zilikuwa ndefu mno kwa kiti cha ngozi. Huduma za mtandaoni kama BritBox, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2017, zimeanza kulipanua tundu la chujio, lakini picha ya miaka 40 haifutiki haraka.

Sikio

Hapo kwenye jina la Alfred ndipo ilipo tofauti ya kweli, na ndiyo ninayotaka kukaa nayo zaidi.

Mmarekani husikia lafudhi ya Kiingereza, moja, labda mbili: ya watu wakubwa na ya watu wa mitaani London. Mwingereza, mtu akishasema sentensi ya kwanza, amekwisha kujua alikozaliwa, shule aliyosoma, na mara nyingi kazi ya baba yake. Sisi tunaozungumza Kiswahili tunalijua jambo hili kwa sehemu. Mtu akisema "ntakwambia" au akivuta neno kwa namna fulani, tunajua kama ni wa Mombasa, wa Unguja au wa bara. Lakini kwetu lafudhi hueleza mahali kwanza. Kwao huweka mtu kwenye ngazi.

Tazama Keeping Up Appearances, kichekesho cha BBC cha 1990 hadi 1995, ambacho vituo vya PBS vimekirudia hadi watu wazima wa sasa walikitazama na bibi zao. Hyacinth Bucket anapokea simu. Jina la ukoo wa mumewe linaandikwa kama neno la Kiingereza la ndoo na linatamkwa kama ndoo. Yeye anaimba kwamba hapa ni kwa Bouquet, shada la maua la Kifaransa. Patricia Routledge, aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 96, aliicheza sauti hiyo kwa ustadi wa ajabu: inapanda, inajipamba, kila silabi imepigwa pasi. Kisha mlango unagongwa na anaingia dada yake Daisy, au shemeji yake Onslow mwenye singlendi na kopo la bia. Angalia shingo ya Hyacinth wakati huo, na sikiliza. Sauti inatikisika.

Mama mwenye nyumba wangu alicheka hadi akakohoa kila mara. Alimwona mwanamke mwenye maringo, mcheshi, basi. Mwingereza anayecheka kitu kilekile anasikia zaidi. Dada hawa wamezaliwa nyumba moja, na Daisy bado anazungumza kama nyumba ile. Kwa hiyo kila neno la Hyacinth limejifunzwa, na siku moja linaweza kuponyoka. Anachoogopa ni kugundulika tu, umaskini haumtishi hivyo. Marekani mtu aliyeinuka kutoka chini hujivunia alikotoka, atasimulia jinsi alivyoosha vyombo. Hyacinth angekufa kuliko kusimulia. Kwa muda mrefu hilo halikuwa jambo la kubuni kule, kwani watu walibadilisha sauti ili wapate kazi. Sasa BBC hupokea lafudhi zote, na tamthilia kama Happy Valley ya Yorkshire au Peaky Blinders ya Birmingham zinajivunia usemi wa kwao. Mmarekani huwasha maandishi ya chini ya skrini ili aelewe, na anaelewa maneno. Ngazi haiandikwi chini ya skrini.

Maneno yenyewe nayo yana mitego, ingawa hii ni midogo. Msemaji wa Kiswahili wa Afrika Mashariki ana bahati hapa kwa sababu ya historia: tuliyakopa kwa Mwingereza. Tunapanda lifti, tunatia petroli, tunafungua boneti na buti, tunakula biskuti, na chipsi kwetu ni viazi vya kukaanga vya moto, kama kwa Mwingereza. Mmarekani ukimwambia chipsi anawaza vile vikavu vya kwenye pakiti. Kinachowapotosha zaidi ni yale maneno yanayofanana. Mwingereza akisema kazi yako ni "quite good," anasema inaridhisha kidogo. Mmarekani akilisema neno hilohilo anasifu kweli. Ndiyo maana katika tamthilia bosi anampa mtu jibu la upole na yule mtu anaondoka amevunjika moyo, huku mtazamaji wa Ohio haelewi kilichotokea. Kwa sisi tunaojibu "si haba" tukiwa tumepata vizuri, na tunaosalimiana kwa kukanusha, sijambo, usemi wa kupunguza si mgeni sana.

Sheria mezani

Machi 2025 Netflix ilitoa Adolescence, tamthilia ya sehemu nne iliyotengenezwa Yorkshire, kila sehemu imepigwa kwa mkupuo mmoja bila kukata picha. Wamarekani waliipenda sana, na Septemba ikatwaa tuzo ya Emmy ya tamthilia fupi bora. Dakika zake za kwanza zinafaa kutazamwa kwa jicho la sheria.

Polisi wanavunja mlango alfajiri. Mvulana wa miaka 13, Jamie, yuko kitandani, anajikojolea kwa hofu. Mpelelezi anamwambia anakamatwa kwa tuhuma ya kuua, kisha anatamka maneno ambayo Mwingereza ameyasikia mara elfu: si lazima useme lolote, lakini huenda ukaudhuru utetezi wako ikiwa utakapohojiwa hutataja jambo ambalo baadaye utalitegemea mahakamani, lolote utakalosema laweza kutolewa kama ushahidi.

Nilikuwa nimemtembelea tena mama yule. Akasimamisha picha.

"Subiri kwanza. Kwa nini wanamwambia kunyamaza kutamdhuru? Si ana haki ya kunyamaza?"

"Hapa kwenu anayo," nikamwambia. "Kule anayo, ila ina gharama."

Alikuwa amegusa penyewe. Onyo la Marekani linatokana na hukumu ya Miranda ya mwaka 1966: una haki ya kunyamaza, lolote utakalosema litatumika dhidi yako. Ndiyo maana katika tamthilia za Marekani wakili anaingia na kumwambia mteja afunge mdomo, na mahojiano yameishia hapo. Uingereza na Wales, sheria ya 1994 iliruhusu mahakama kumtilia shaka mtuhumiwa aliyenyamaza polisini kisha akaja na maelezo mapya kizimbani. Scotland ina sheria zake. Kwa hiyo katika tamthilia ya Kiingereza wakili huketi kando ya mteja wake saa nzima, naye mtuhumiwa akirudia "sina la kusema," kila jibu hilo ni dau analoliweka mezani. Mtazamaji wa kule anajua. Mtazamaji wa Marekani anaona mtu anakataa kujibu tu.

Halafu baba yake Jamie. Jamie anaulizwa amchague mtu mzima wa kukaa naye, naye anamchagua baba. Wengine walidhani ni mbinu ya mwandishi ili baba awepo. Ni sheria ya mwaka 1984: mtoto hahojiwi bila mtu mzima wa kumsimamia. Mwandishi ameichukua kanuni kavu ya kituo cha polisi akamlazimisha mzazi kukaa kwenye kiti, asikie na aone yote. Na kwa nini mtoto wa miaka 13 yuko pale kabisa? Kwa sababu kule umri wa kuwajibika kwa kosa la jinai ni miaka 10.

Bunduki katika tukio lile la mlango zilimfanya mama aone Uingereza ni kama nyumbani kwake. Kinyume chake, zimewekwa pale zishtue. Askari wa kawaida Uingereza na Wales hatembei na bunduki. Wenye ruhusa ya kuibeba ni wachache, chini ya mmoja kati ya 20. Mpelelezi wa runinga asiye na bunduki hawezi kumaliza hadithi kwa kufyatua risasi. Anabakiwa na meza, kinasa sauti, na maneno. Hii sasa ndiyo tofauti ambayo hakuna bajeti inayoweza kuibadilisha. Mwaka 2014 Fox ya Marekani iliichukua Broadchurch, tamthilia ya upelelezi ya ITV, ikaitengeneza upya kama Gracepoint, ikamchukua hata David Tennant yuleyule acheze mpelelezi yuleyule, na haikuendelea zaidi ya msimu mmoja. Mtu walimhamisha, ila mji ambamo kila mtu anamjua kila mtu na polisi wanakuja mikono mitupu ulibaki kule.

Birika

Wamarekani huuliza pia kuhusu chai, kwa nini kila mtu anapokufa kuna anayekwenda kuchemsha maji.

Kuna sababu ya umeme. Nyumba ya Uingereza ina volti 230, na soketi moja inaweza kulipatia birika kilowati 3. Lita moja inachemka ndani ya dakika mbili hivi. Soketi ya kawaida ya Marekani, volti 120, hutoa nusu yake, na lita hiyohiyo huchukua karibu dakika nne. Hiyo hutajwa kuwa sababu mojawapo ya birika la umeme kutoota mizizi Marekani. Waingereza nao wanachemsha kwa pamoja: mechi ya nusu fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uingereza na Ujerumani Magharibi ilipokwisha tarehe 4 Julai 1990, mahitaji ya umeme yaliruka kwa megawati 2,800, mabirika na taa za watu walioinuka kwenye viti vyao. Ndani ya mlima mmoja kaskazini mwa Wales, mahali panapoitwa Dinorwig, kuna kituo cha umeme wa maji kilichofunguliwa mwaka 1984 ambacho kinaweza kujibu miruko ya namna hiyo ndani ya sekunde chache.

Lakini umeme hauelezi yule askari wa kike katika tamthilia za polisi anayesimama jikoni kwa watu asiowajua, anafungua kabati hili na lile akitafuta vikombe, wakati sebuleni mama ameambiwa mwanawe kapatikana mtoni. Hakuna anayeinywa chai hiyo. Inawekwa mezani, inapoa, na kamera inaiangalia. Watu waliofundishwa kutolia mbele ya wageni wamepewa kitu cha moto cha kushika. Sisi tungejaza nyumba watu, mikeka ingetandikwa, wanawake wangeshika msiba. Wao wanasema maneno manne, wanaweka maziwa. Niliielewa chai ile siku nilipoacha kuitazama kama kinywaji.

Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa vituo vya umma kwa miaka miwili, na shirika la CPB, lililozigawa fedha hizo tangu sheria ya 1967, likatangaza kujifunga. Vituo vimebaki kutegemea zaidi michango ya watazamaji, jambo ambalo viliomba siku zote, mara kadhaa kwa mwaka, kati ya kipindi na kipindi, wakiahidi mkoba au kikombe. Kile ambacho Mwingereza analipa kwa sheria, Mmarekani anayependa vipindi vya Mwingereza huyo analipa kwa hiari. Mama wa Minneapolis ametuma hundi yake kila mwaka tangu mumewe alipokuwa hai. Kikombe alichopewa kimefifia maandishi. Jumapili usiku hukijaza maji, anakiingiza kwenye maikrowevu, anasubiri dakika mbili amesimama, anatumbukiza kijifuko cha majani ya chai, na anarudi kwenye kiti chake kabla muziki wa mwanzo haujakwisha.